Mahali Alipozama Khiem

Sarafu zilikataa mara ya kwanza, zikakataa mara ya pili, na mara ya tatu moja ikabiringika nje ya sahani na kudumbukia mtoni. Mzee Nhon akaitazama ikizama. Alikuwa akiita roho za waliozama katika mto Huong tangu Bi Thoan ni msichana, na hakuna aliyewahi kumwona akipoteza sarafu.

"Hayupo hapa," akasema hatimaye.

"Aende wapi?" Bi Thoan akamuuliza. "Tumeambiwa ni hapa. Chini ya daraja, nguzo ya pili."

"Mimi nasema zinachosema sarafu. Moja nyeupe na moja nyeusi, amekubali. Zikilala rangi moja, hakuna mtu. Tumeita mpaka jogoo kachoka, mama."

Jogoo kweli alikuwa hoi. Tangu asubuhi alikuwa amefungwa juu ya mwanzi mrefu, kitambaa cheupe mguuni, akitazama maji asiyoyapenda. Pembeni kulikuwa na bakuli la wali lenye yai, na shati la buluu la Khiem, mwana wa Bi Thoan aliyezama, limetandazwa juu ya mkeka. Diep, mjane wake, alikuwa amepiga magoti kwenye tope na kitambaa cha msiba kichwani, akimzuia binti yao, Na, asiguse yai.

Aliyekufa majini haendi popote mpaka aitwe, na haitwi ila pale pale alipozama. Akiitwa pengine hasikii. Atabaki kwenye baridi ile akingoja, na anayengoja sana chini huko huanza kuvuta wenzake. Mwili wa Khiem ulikuwa umeshazikwa. Ulielea siku mbili baadaye kwenye banio la maji huko chini ya mto, na kwa kuwa alifia nje haukuruhusiwa kupita mlango wa nyumbani; ulilala chini ya turubai kwenye banda la baiskeli la majengo yao, majirani wakiupita kwenda kazini. Bi Thoan alilivumilia hilo, kwa sababu ndivyo ilivyo. Alijiambia mwili utalala bandani, lakini roho yake ataipandisha mwenyewe mpaka ghorofa ya nne. Sasa roho yenyewe haionekani.

Hapo ndipo kayaki, vile vimtumbwi vya watalii, zilipopita. Zilikuwa sita, rangi ya machungwa, zimejaa wageni wenye kofia pana. Mbele yao alikuwa Toai, aliyefanya kazi na Khiem tangu kampuni ya kayaki ianze kutembeza watu mtoni. Wageni walimwona jogoo juu ya mwanzi, wakachomoa simu wapige picha. Mmoja akapunga mkono.

"Toai!" Bi Thoan akaita.

Toai alisikia, maana mgongo ulimkakamaa. Lakini hakugeuka. Akapiga kafi kwa nguvu, akawapitisha wageni wake ng'ambo ya pili ya mto, mbali kabisa na nguzo ya pili. Kijana aliyekula wali wa Bi Thoan tangu hajaota meno ya mbele, leo anampita kama anayemkwepa mdai.

"Mama, umeona?" Diep akanong'ona.

"Nimeona."

"Labda ana haya tu."

"Haya ya nini?" Bi Thoan akasema, akaanza kukunja shati la mwanawe.

Jioni ile Bi Thoan alikwenda kwa Toai, jengo la tatu kutoka kwao. Wote waliokaa majengo yale walikuwa watu wa mashuani, waliozaliwa na kuzaa juu ya maji, kabla ya mji kuamua kwamba mto unapendeza zaidi bila wao. Mashua zao zilivunjwa zikawa kuni. Wakapewa vyumba, na kuni walinunua wengine.

Mlango ulifunguliwa na Ly, mke wa Toai, tumbo lake la miezi minane limetangulia.

"Shangazi! Karibu. Hayupo lakini."

"Pikipiki yake iko chini. Bado ya moto."

Ly akatazama vidole vya miguu yake, vile alivyoweza kuviona. "Ametoka kwa miguu."

"Toai kwa miguu? Huyu aliyekuwa akipanda pikipiki kwenda msalani?"

Ly akacheka kidogo bila kutaka, halafu akaanza kulia. Ndani, nyuma ya pazia, kitu kilianguka na mtu akakidaka. Bi Thoan alingoja. Pazia halikusogea.

"Mwambie nimekuja," akasema kwa sauti iliyokusudiwa pazia. "Mwambie sikuja kugombana. Nataka aniambie jambo moja tu, kisha simsumbui tena."

"Nitamwambia, Shangazi. Ukimwona usimkaripie. Halali. Anakaa kitandani anatazama mikono yake."

Bi Thoan alishuka ngazi taratibu, mkono ukutani. Ngazi hakuwahi kuzizoea. Toai ndiye mtu pekee aliyejulikana kuwa na Khiem siku ile. Alichowaambia polisi ndicho walichoambiwa wote: kazi ilikwisha, wageni wakaondoka, Khiem akataka kuogelea chini ya daraja, akabanwa na misuli. Bi Thoan alikuwa amelimeza hilo kama lilivyo, kwa kuwa msiba haumpi mtu nafasi ya kuuliza. Sasa lilimkwama. Khiem hakuwa na tabia ya kuoga mtoni baada ya kazi. Alikuwa akisema ameushiba mto mchana kutwa.

Ofisi ya kampuni ilikuwa kibanda safi cha mianzi kwenye gati, chenye feni na picha za machweo. Mwenyewe, Bwana Sung, alimkaribisha Bi Thoan kwa mikono miwili na kumimina chai. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alikuja msibani, akalia machozi ya kweli, akaacha bahasha.

"Mama, nimesikia mlikuwa na ibada juzi," akasema. "Nimefurahi. Ni vizuri. Ila mkifanya tena, naomba iwe asubuhi sana, kabla ya safari ya kwanza. Unajua wageni. Wakiona mambo ya maiti wanaogopa kukaa kwenye maji."

"Mwanangu pia aliogopa, nadhani."

"Mama..." Bwana Sung akatikisa kichwa kwa huruma. "Mimi nampenda Khiem. Lakini nina vijana kumi wanaokula kupitia kayaki hizi."

Bi Thoan akachomoa bahasha kutoka ndani ya blauzi yake, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa ile ile ya msibani, haijafunguliwa.

"Hii nini tena? Mama, usirudishe, tafadhali, itakuwa mkosi."

"Sirudishi. Nanunua. Nataka safari ya jioni."

"Safari gani?"

"Hii ya kayaki. Kama wageni wako."

Bwana Sung alicheka, akaona yeye hacheki, akaacha. "Mama, wewe? Ukitaka kutembea mtoni nitakuazima mashua ya bwana fulani, ina kiti..."

"Mwanangu amefia kwenye kazi hii. Nataka kuona kazi yenyewe ilikuwaje. Na anitembeze Toai. Nikae naye chombo kimoja."

Kijana mmoja wa ofisini aliacha kupanga majaketi, akamtazama bosi wake. Bwana Sung akatupa jicho mlangoni. Kukataa kulikuwa kubaya, maana pale walishasimama mume na mke kutoka Saigon wakingoja safari hiyo hiyo, na walikuwa wamesikia neno amefia.

"Karibu, mama," akasema. "Kwa hiari yako kabisa."

Bi Thoan alikuwa amelipigia hesabu jambo hili kitandani. Nchi kavu Toai angemkimbia mpaka mwisho, mapazia yapo mengi. Kwenye kayaki hakuna mlango wa nyuma.

Toai alipomwona kwenye mstari wa wageni, amevaa jaketi la kuelea lenye harufu ya jasho la watu, alipauka. Bwana Sung alikuwa amesimama palepale. Kwa hiyo ikabidi afanye kazi yake.

"Karibuni sana," akaanza, sauti kavu. "Kafi tunalishika hivi. Mikono iachane kiasi. Usilikabe, si shingo ya mama mkwe."

Wageni wakacheka. Bi Thoan aliujua mzaha huo. Ulikuwa wa Khiem, aliufanyia mazoezi nyumbani mbele ya mkewe, akatupiwa mwiko. Akashika kafi kama alivyoonyeshwa. Toai alikuja kumrekebisha vidole. Kisha ikabidi amfundishe namna ya kuketi kwenye chombo, yeye aliyejifungua watoto wawili katika chombo, na ikabidi Bi Thoan aseme asante.

Wakatoka. Bi Thoan aliketi mbele, Toai nyuma yake, na kayaki nyingine tatu zikafuata: wale wa Saigon, wasichana wawili wanafunzi kutoka Hanoi, na kijana mmoja wa kampuni akilinda mkia. Jua lilikuwa limelainika. Tangu wahamishwe Bi Thoan hakuwahi kukaa chini namna hii, maji yakiwa kiunoni, na mwili wake ukafurahi kabla hajaukataza. Aliona aibu kwa furaha hiyo.

"Bibi, ni mara yako ya kwanza mtoni?" yule mwanamke wa Saigon akamuuliza kwa upole.

"Nilizaliwa humu."

"Ah! Mji mzima wa Hue nyie ni washairi," yule mwanamke akasema, akamgeukia mumewe. "Umemsikia bibi?"

Walipita daraja. Kwenye nguzo ya pili Toai hakupunguza mwendo, wala kafi lake halikusita. Bi Thoan, aliyekuwa amempa mgongo, alisikiliza lile kafi tu. Mtu akipita mahali rafiki yake alipofia, mkono unakumbuka. Huu haukukumbuka chochote.

"Si pale," akasema taratibu, bila kugeuka.

Toai akaendelea kupiga kafi.

"Toai, sikuja kukutafutia kesi. Bwana Sung amekuambia useme nini, hilo ni lenu. Mimi nina mtoto yuko kwenye baridi, sijui yuko wapi. Nimemwita pasipo pake. Unajua aliyeitwa pasipo pake anavyojisikia? Anadhani tumemsahau."

Kafi la nyuma likasimama. Chombo kikaenda chenyewe kidogo, kikaanza kugeuka na mkondo.

"Shangazi," Toai akasema. "Nisamehe."

"Nipeleke kwanza."

Toai akapiga mluzi, akamwonyesha yule kijana wa nyuma awapeleke wageni moja kwa moja kwenye ukingo wa bustani, wakanunue uji mtamu wa maharage na kupiga picha. Kisha akakata upande wa pili, nyuma ya kisiwa, ambako mashine za kuchota mchanga zilikuwa zimelala kwa siku ile. Maji ya huko yalikuwa ya kahawia na yalijizungusha bila sababu ya kuonekana. Mtu wa mashuani akiyaona anajua kuna shimo chini.

"Aliwapitisheni huku nani?"

"Bwana Sung. Alisema ukitazama kutoka hapa jua linazamia katikati ya mashine, picha inatoka vizuri. Tulimwambia pana mashimo. Akasema basi pitieni kando." Toai alikuwa akiongea haraka sasa. "Mgeni mmoja akasimama apige picha. Akapinduka, akanasa chini ya kayaki. Khiem akavua jaketi apige mbizi, maana na jaketi huwezi kushuka. Akamtoa, Shangazi. Akamsukuma mpaka kwangu. Yule dada yuko hai, amerudi kwao. Bwana Sung alimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe usiku ule ule."

"Kisha?"

"Kisha shimo likamvuta yeye."

Bi Thoan alitazama maji. Aliyasikia maneno hayo na jambo la ajabu lilikuwa kwamba yalimpa nafuu. Mwanawe hakufa kwa kuogelea ovyo. Alikuwa na hamu ya kumwambia Diep sasa hivi.

"Alikuwa mbali na wewe?" akauliza.

Nyuma yake kafi likagonga ubavu wa chombo.

"Toai."

"Hapana. Kama kutoka mimi mpaka ulipo wewe. Alininyooshea mkono."

"Ukamshika?"

"Nilitafuta kafi nimpe. Kafi lilikuwa limeelea. Nikaligeukia. Nikalipata. Nilipogeuka tena hakuwepo."

"Mkono uko hapo, na wewe ukafuata kafi?"

"Tulikatazwa kutoa mkono, Shangazi! Anayevutwa na mto mpe mti, usimpe mkono. Ukimpa mkono, wa chini wanakuhesabu na wewe. Sikufikiri. Mkono wangu ulirudi wenyewe."

"Nani aliwakataza upuuzi huo?" Bi Thoan akafoka, na kabla hajamaliza kufoka alishajua.

Toai hakutaka kulisema. Alilia kwanza, kwa muda, kama mtoto anayeogopa kusikika.

"Wewe," akasema.

Ilikuwa kweli. Watoto wawili wa mashua mbili jirani, amewaketisha kwenye tezi, nyuma ya mashua yake, upawa mkononi. Nani anazama? Mpe nini? Aliyejibu mkono alipigwa upawa wa vidole. Khiem ndiye aliyepigwa zaidi, kwa kuwa kila mara alisahau. Toai hakusahau kamwe, na Bi Thoan alimsifu mbele ya mwanawe na kumpa kipande cha samaki. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Kaka yake alikuwa amekufa kwa kumpa mtu mkono, na aliapa hakuna mtoto atakayekufa hivyo mbele yake.

Alikaa hivyo, kafi magotini. Alitaka kumchukia mtu, na kila alipomgeukia Toai, alijikuta mwenyewe. Aliinama mbele, akajishika tumbo, akatoa sauti ambayo Toai hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Nitakwenda polisi," Toai akasema. "Kesho. Nitasema yote."

"Mkeo yuko karibu kuzaa. Zungumza naye kwanza." Bi Thoan akajifuta uso kwa kanda za jaketi. "Mimi leo nimekuja kuchukua mtoto. Sogea karibu na shimo."

"Pabaya, Shangazi."

"Sogea."

Toai akasogea. Chombo kikaanza kutetemeka pale mkondo ulipojikunja. Hapakuwa na mzee wala jogoo wala shati. Bi Thoan akainamia upande wa kulia, akazamisha mkono wake mtupu mpaka kiwikoni, vidole wazi. Katika miaka yake yote mtoni hakuwahi kufanya jambo hilo, na mwili wake ulimsihi auondoe.

"Khiem," akaita. "Khiem, ni mama. Nimekosea, mwanangu. Niliwafundisha vibaya. Shika mkono."

Maji yaliuvuta mkono, yakauachia, yakauvuta tena. Akauacha humo mpaka ukafa ganzi na hakujua tena vidole vinashika nini. Toai, nyuma yake, aliweka kafi ndani ya chombo. Akainama upande wa kushoto, ili wasipinduke, naye akazamisha wake.

Baada ya muda Bi Thoan aliukunja mkono kifuani, ngumi imefungwa.

"Turudi," akasema. "Piga kafi polepole. Kuanzia sasa siongei na wewe, usikasirike. Naongea naye."

Anayemrudisha mtu nyumbani haongei na mwingine njiani, na lazima amwambie kila pinda, maana waliokufa hupotea kwa urahisi. Kwa hiyo gatini, Bwana Sung alipomnyooshea mkono na kuuliza, "Vipi mama, umefurahia?", Bi Thoan alimpita. Yule mwanamke wa Saigon alitaka picha naye. Akampita pia, akamsikia akimwambia mumewe kwamba wazee wengine hawana shukrani. Jaketi alikumbuka kulivua alipokuwa tayari barabarani, akaliacha juu ya ukuta.

"Khiem, tunavuka barabara. Ngoja gari. Sasa," alisema. "Khiem, hapa daraja dogo. Khiem, tunapinda kulia, kwa muuza mkate."

Watu walimpisha. Watoto wawili walimfuata wakimwiga, mpaka mama mmoja wa mashuani aliyekuwa akimenya vitunguu mlangoni akaona ile ngumi, akaelewa, akawafukuza. Kisha akasimama, akavua kofia yake.

Kwenye majengo yao Bi Thoan alipita banda la baiskeli bila kugeuza shingo. "Hapo si pako, mwanangu. Twende juu. Ngazi. Ngazi nyingine. Shika ukuta, kuna giza, taa wameiba tena. Ya pili. Pumzika kama umechoka, mama naye amechoka. Ya tatu."

Diep alisikia sauti kabla ya hatua, akatoka mlangoni akiwa na binti yake Na kiunoni. Alimwona mkwewe akipanda, amelowa upande mmoja, akizungumza na hewa, uso umevimba. Alifungua kinywa aulize alikuwa wapi, ameona nini, Toai amesema nini. Halafu naye akaiona ile ngumi.

"Tumefika," Bi Thoan akasema pale kizingitini. "Vua viatu, Khiem. Ingia kwako."

Diep akaufungua mlango wote, akajibana ukutani na mtoto wake, akawapisha wapite wote wawili.